Kibanda cha Viatu Darajani

Watu wa Mtaa wa Chini walikuwa na tabia moja ambayo mgeni angeicheka: walivaa viatu mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza nyumbani, kandambili au mabuti ya mpira, vile vya kukanyagia tope. Mara ya pili darajani, viatu vyenyewe sasa, vile vya kuonekana navyo mbele za watu. Kati ya mara hizo mbili alikuwapo mwanamke mmoja mnene mwenye kicheko cha haraka, beseni lake la maji, na kibanda cha mabati kilichojaa rafu kutoka chini mpaka juu. Alikuwa akiitwa Mama Kandambili, na jina hilo lilimkaa vizuri hata mashemeji zake walikuwa wamesahau jingine.

Chanzo cha haya yote kilikuwa ile njia ya waenda kwa miguu. Kule Mtaa wa Juu kila barabara ilikuwa na njia yake pembeni, pana, ya vitofali vilivyopangwa vikapangika, yenye miti ya kivuli na viti vya kupumzikia mtu akichoka. Wenyeji wa huko walikuwa na magari, kwa hiyo waliofaidi njia ile zaidi walikuwa mbwa wao. Ilishuka njia hiyo kwa maringo yake yote mpaka darajani, ikavuka mtaro mkubwa, ikafika upande wa pili, ikakatika kama mkate uliopitiwa na kisu. Mbele yake palikuwa na shimo la kuruka, halafu tope. Huku Mtaa wa Chini, ambako karibu kila mtu alikwenda kwa miguu, hapakuwa na kitofali hata cha dawa. Watu waligawana barabara na malori na pikipiki, na mvua ikinyesha wakagawana na maji ya mtaro pia. Aliyepanga mambo hayo, kama aliishiwa saruji au aliishiwa huruma, hajajitokeza mpaka leo akasema.

Mama Kandambili hakuanza kwa kutafuta biashara hii. Alikuwa na mkeka wake hapo darajani, akiuza kandambili, asubuhi moja akamwona binti mmoja muuguzi amesimama kwenye ukingo wa njia machozi yakimlengalenga. Viatu vyake vyeupe vya kazi vilikuwa vimekuwa vya kahawia. Jana yake alikuwa amerudishwa nyumbani mbele ya wenzake kwa ajili ya uchafu ule ule.

"Binti yangu," Mama Kandambili alimwambia, huku amekwisha kuvivua viatu vile na kuvisugua kwa kanga yake mwenyewe, "kesho njoo na kandambili. Hivi vilale kwangu. Wewe tembea na tope lako, vyenyewe visitembee nalo."

Kesho yake muuguzi alikuja na kandambili, na rafiki yake. Rafiki akamleta kaka yake. Mvua za mwaka ule hazijaisha, mkeka ukawa kibanda.

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Mtu alifika, akaketi kwenye benchi, akatia miguu kwenye beseni, akajifuta kwa kitambaa, akapewa viatu vyake vimekwisha kupigwa brashi. Kandambili zake zenye tope zikabaki, zikaoshwa, zikaanikwa juu ya bati, zikamngoja jioni. Mama Kandambili hakubandika alama yoyote kwenye rafu, kwa kuwa alikumbuka kila jozi na mwenyewe. Mabuti mazito alikuwa akiyaweka chini, viatu vya visigino juu. Bwana mmoja na mkewe walikuwa wamenuniana tangu msimu uliopita, naye akaviweka viatu vyao ubavu kwa ubavu makusudi. "Angalau hivi visemeshane," alisema.

Watu aliwajua kwa miguu kuliko kwa sura. Hata harusini alikuwa akitazama chini kwanza, halafu ndipo akatabasamu na kusema, "Aa, kumbe ni wewe!" Na kila asubuhi, mteja akisha kufunga kamba zake, Mama Kandambili alimtazama kuanzia vidoleni mpaka kwenye ukosi, taratibu, kama anayekagua mtoto wa shule siku ya kwanza. Akiridhika alisema maneno mawili, hayo hayo kwa watu wote:

"Umekamilika. Nenda."

Muuguzi alikiri kwamba siku ambayo hakuambiwa maneno hayo alishinda akijihisi amesahau kitu nyumbani.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuambiwa, naye alikuwa mume wake.

Mume wa Mama Kandambili alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa Mtaa wa Juu, ng'ambo ya daraja kidogo tu. Mtu akisimama kibandani aliuona mlango wake wa buluu. Miaka michache nyuma homa kali ilimlaza, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake. Jamaa zake walichangishana wakamnunulia kiti cha magurudumu, kizuri kabisa, na siku ya kwanza Kinyozi alivaa koti lake la kazi akatoka nacho. Alifika katikati ya barabara, magurudumu yakazama. Lori likasimama nyuma yake likipiga honi. Wanaume wakamnyanyua yeye na kiti chake, wakamrudisha barazani, na yeye njiani akawatania na kuwachekesha mpaka wakavunjika mbavu. Walipoondoka aligeukia ukutani.

"Sibebwi tena kama godoro," alimwambia mkewe, na kwa neno lake hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Tangu hapo alinyolea barazani. Hakukosa wateja, wala hakukosa maneno, maana kinyozi asiye na maneno ni fundi wa nusu. Waliomtazama waliona mtu mwenye furaha, nao hawakukosea sana. Lakini kila jioni, mkewe akiingia tu, kabla hajatua beseni, Kinyozi alimwuliza swali moja.

"Mlango wa duka ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi, Mzee."

Duka lilikuwa limeachiwa mdogo wake, kijana mwema, ila mkono wake ulijua mtindo mmoja tu. "Nimeviona vichwa vyake leo vikipita," Kinyozi alikuwa akilalamika. "Vyote mayai. Mtu akiingia pale na kichwa cha mtu, anatoka na yai." Mkewe alicheka kila mara, na kila mara moyo ulimuuma, kwa sababu alijua kwamba mume wake angetoa chochote afike kwenye mlango ule mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, bila kubebwa.

Basi ilipovuma habari kwamba njia ya miguu itashushwa mpaka Mtaa wa Chini, hakuna aliyeiamini. Ilikuwa ikivuma kila uchaguzi ukikaribia, kisha ikilala. Safari hii lakini vigingi vilichomekwa, kokoto zikamwagwa, na akaja msimamizi wa ujenzi, kijana mrefu mpole, ambaye siku ya kwanza tu alivua viatu vyake safi akaviacha kibandani akaingia topeni na mabuti. Mama Kandambili akampenda hapo hapo. Mtu anayeheshimu viatu vyake, kwake yeye, alikuwa amekwisha kulelewa.

Wateja wakapata la kumtania.

"Mama Kandambili, njia ikija utakula nini?"

"Nitakula vitofali," alijibu, benchi zima likacheka.

Lakini wakisha kwenda zao, akabaki na rafu zake, hofu ilimshika. Kibanda ndicho kilichoendesha nyumba tangu mume wake augue. Zaidi ya hapo, alikipenda. Alipenda harufu ya kiwi asubuhi, na miguu ikipigana vikumbo kwenye beseni, na kuwa mtu wa mwisho kuwatazama watu kabla hawajaenda kutazamwa na wengine. Aliogopa, kisha akaona haya kwa kuogopa, maana aliyeihitaji njia hiyo kuliko wote alikuwa akilala ubavuni mwake.

Mambo yalikuwa hivi. Njia ya darajani ilikuwa juu, barabara ya Mtaa wa Chini ilikuwa chini. Kuziunganisha kulihitaji mteremko mrefu, wa pole pole, na mteremko huo ulitakiwa kupita pale pale kilipokuwa kibanda. Msimamizi aliwaeleza watu bila kuficha, tena kwa masikitiko. Kibanda kiondoke.

Benchi halikukubali. Kila asubuhi Msimamizi alipokuja kuvua viatu alikuta watu wamemngojea, miguu majini, ndimi nje. Kibanda hiki hakiguswi. Mama huyu ametutoa aibu. Wewe mwenyewe viatu vyako vinalala humu, huoni haya? Muuguzi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Msimamizi wa watu alivumilia, akaja akashindwa, akachukua michoro yake akaenda nayo kwa wakubwa, akarudi na dawa.

"Tumepata," alisema. "Badala ya mteremko tutaweka ngazi. Ngazi hazili nafasi. Zitapita hapa pembeni, kibanda kibaki mahali pake."

Watu wakapiga makofi. Muuguzi akamkumbatia Mama Kandambili mpaka beseni likapinduka. Na Mama Kandambili alifanya nini? Alicheka. Alifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia miguu ya watu, akamshukuru kila mmoja, akashinda siku nzima anaimba. Mtaa huo ulikuwa umeishi miaka mingi ukifikiria viatu, ukikumbuka viatu, ukitetea viatu, na katika watu wote wale waliomzunguka Msimamizi hapakuwa na hata mmoja, Mama Kandambili mwenyewe akiwamo, aliyefikiria magurudumu.

Jioni aliingia nyumbani roho yake nyeupe. Kinyozi alikuwa barazani anasafisha mashine yake.

"Mzee, kibanda kimepona! Wanaweka ngazi."

Kinyozi alipuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Ngazi?"

"Ngazi. Zinapita pembeni pale, mimi siguswi."

"Vizuri sana," alisema. "Hongera, mama. Watu wanakupenda."

Akarudi kusafisha. Mkewe akatua beseni, akawasha jiko, akaandaa chakula, wakala. Kinyozi alisimulia habari ya mteja aliyesinzia akanyolewa nyusi, na ilikuwa ya kuchekesha kweli. Ni wakati anakusanya vyombo ndipo Mama Kandambili alipohisi kuna kitu kimepelea jioni ile, kama mtu anayepapasa rafu na kukuta kiatu kimoja. Alisimama na sahani mkononi.

"Mzee. Leo hukuniuliza."

"Sikukuuliza nini?"

"Mlango."

Kinyozi akajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja. "Nimechoka kuuliza. Mlango si ni mlango tu?"

Hapo ndipo akili ilipomrudi. Aliketi chini pale pale, sahani mapajani. Ngazi! Alikuwa ameimba kutwa kwa ajili ya ngazi.

"Ulijua tangu nilipotamka," alisema.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Kibanda chako kina watu. Mimi nina baraza, nina wateja, nina wewe. Nimekwisha kuzoea, mama."

"Umezoea!" Hasira zilimpanda, na hasira za mapenzi ni mbaya kuliko nyingine. "Wewe hujazoea hata chai isiyo na sukari, utazoea hii? Unanidanganya nyumbani kwangu!"

"Basi usipige kelele, majirani watasema nakupiga."

"Wewe unipige mimi?" Na kwa kuwa jambo hilo lilikuwa haliwezekani kwa namna yoyote ile, wote wawili wakacheka, yeye huku analia. Lakini Kinyozi alimjua mkewe, akaona jinsi alivyovipanga vyombo usiku ule, kwa kuvigonganisha, akajua kuna mtu kesho atajuta.

Asubuhi wateja walikuta viatu vyote vimeshushwa. Vilikuwa vimepangwa juu ya turubai, jozi kwa jozi, na Mama Kandambili alikuwa juu ya benchi na nyundo anang'oa misumari ya bati. Chini, mafundi walikuwa wamekwisha kupigilia mbao za ngazi, na mchanganyiko wa zege ulikuwa unazunguka.

"Kila mtu achukue vyake," alisema bila kugeuka. "Leo nafunga."

Msimamizi alikuja mbio, buti moja mguuni, la pili mkononi. "Mama, unafanya nini? Zege limeshachanganywa!"

"Limwage kwa mteremko, mwanangu."

"Lakini tulikubaliana ngazi. Nilikuona kwa macho yangu ukicheka."

"Nilicheka kwa ujinga." Alishuka kwenye benchi, akasimama mbele yake. "Mume wangu anatembea kwa magurudumu. Duka lake lile pale, lenye mlango wa buluu. Nibakize kibanda ili yeye abaki barazani mpaka kufa?"

Msimamizi aliutazama mlango wa buluu, akazitazama mbao zake. "Hakuna aliyeniambia," alisema polepole.

"Hakuna aliyekumbuka. Mimi nalala naye na sikukumbuka, nikulaumu wewe?"

Muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Benchi lote lilikaa miguu mikavu, kwa maana beseni lilikuwa limefunikwa. Kisha muuguzi akakunja mikono ya sare yake, akashika ncha ya bati. Wengine wakafuata. Ilikuwa kichekesho kuona watu wa ofisini na tai zao wakibeba rafu, na yule bwana aliyenuniwa na mkewe akashika bati refu upande mmoja, akageuka kuona nani ameshika upande wa pili, na alikuwa ni yeye, mkewe. Ilibidi wasemezane. Bati halibebwi kwa kununa.

Mbao za ngazi zikang'olewa. Mama Kandambili alilia kidogo pale paliposafishwa pakabaki udongo mtupu, wala hakujificha.

Mteremko ukajengwa, na njia ikashuka na barabara mpaka kwenye bomba la maji, ikaishia hapo. Fungu lilikuwa limekwisha, walisema, kama ilivyo kawaida ya mafungu yanayoelekea upande ule wa mji. Vichochoro vya ndani vikabaki na tope lao. Kabla hajaondoka, Msimamizi aliacha lundo la vitofali vilivyovunjika karibu na bomba, akasema kwa sauti kubwa kwamba hajui lundo hilo ni la nani. Watu wakamwelewa. Jumapili moja walivitandaza kutoka bombani hadi barazani kwa Kinyozi, wakavishindilia. Njia hiyo haikuwa nzuri na ilitikisa meno, lakini gurudumu halikuzama.

Mama Kandambili alikuwa nyumbani siku hizo, akifagia palipokwisha kufagiwa.

"Utanifagia na mimi," Kinyozi alinung'unika.

Hodi ikapigwa. Alikuwa ni muuguzi, kandambili miguuni, tope mpaka vifundoni, viatu vyeupe ndani ya mfuko.

"Mama, njia nimeiona, nzuri, lakini inaishia bombani. Kutoka kwangu mpaka hapo tope ni lile lile. Na wenzangu wamesimama pale wote kama kuku waliolowa. Sasa nani atatutazama miguu?"

Mama Kandambili alimtazama mumewe. Kinyozi alikuwa amekwisha kulinyanyua beseni, anamkabidhi.

Ndivyo kibanda kilivyoota tena bombani, kwa mabati yale yale, maji yakiwa karibu kuliko zamani. Na ilipofika Jumatatu, Kinyozi alijinyoa mwenyewe kwa uangalifu wote, akavaa koti lake la kazi.

"Wewe tangulia," alimwambia mkewe. "Usinisubiri, na usimtume mtu."

Alitangulia. Asubuhi hiyo alifanya kazi macho yakiwa kichochoroni. Muuguzi alipewa kiatu chake kimoja na kingine cha mwalimu. Halafu kiti kikatokeza, kinarukaruka juu ya vitofali vilivyovunjika, mikono ya Kinyozi ikienda kwa nguvu, magurudumu yamepakaa tope. Mtu mmoja akasogea ili ampishe mbele.

"Kaa mahali pako," Kinyozi alimwambia. "Nimekuja kama mteja."

Akangoja zamu yake. Ilipofika alisogeza kiti mpaka kwenye beseni, uso mkavu. "Mama, viatu vyangu ndivyo hivi. Ni vya duara kidogo."

Watu wakacheka, Mama Kandambili hakuweza. Alipiga magoti akasugua gurudumu moja, akasugua la pili, akasafisha katikati ya kila waya, akafuta kwa kitambaa kikavu. Kisha akasimama, akamtazama mume wake kuanzia magurudumuni mpaka kwenye ukosi, taratibu, na ukosi ukamtaka aurekebishe, akaurekebisha.

"Umekamilika," alisema. "Nenda."

Akaenda. Alipanda na njia ile, akapungua, akapungua, akafika pale palipokuwa na kibanda. Kwenye mteremko alipunguza mwendo, akainama mbele, mabega yakafanya kazi, na mkewe huku bombani alikuwa amekunja ngumi zote mbili kama anayesukuma. Kisha kiti kikawa juu ya daraja.

"Mama, na mimi nachelewa," mtu alisema nyuma yake, naye akarudi kwenye beseni.

Jioni Kinyozi alirudi wakati wa kandambili, na koti lake limejaa nywele za watu. Alisimamisha kiti kwenye zamu. Mama Kandambili alikuwa ameshika brashi, na kabla hajainama alimwuliza:

"Mlango wa duka ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa umefungwa," alisema Kinyozi. "Nimeufungua mwenyewe."